Kaburi la Mangi Lobulu
Wenzetu wa Visiwani wanajua alikozikwa Seyyid Said mwaka 1856: Makusurani, Unguja. Hata Kaisari Hadrian, ambaye kaburi lake huko Roma liligeuzwa ngome, mahali pake panajulikana. Je, Mangi Lobulu wa Meru amelala wapi? Wajerumani walimnyonga Moshi tarehe 2 Machi, 1900, pamoja na Mangi Meli na wenzao, jumla watu 19. Mafuvu mengi ya watu wetu yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya Berlin viliyaunganisha matatu na jamaa walio hai, Wachaga. La Meli halikuwamo. Tunaisihi Serikali isiwaachie wazee wa Meru peke yao kazi ya kudai. Umri wao hauruhusu kungoja.