Mimba Si Kosa

Leo niwape habari za Allyson Felix, yule dada wa Marekani wa mita 200 na 400 aliyestaafu mwaka wa 2022. Baba yake ni mhubiri. Ana medali 11 za Olimpiki, 7 zikiwa dhahabu. (Najua huku kwetu tunahesabu mbio ndefu tu, mtanisamehe.)

Mwaka wa 2018, mimba ikiwa ya wiki 32, alienda kliniki ya kawaida. Wakakuta presha iko juu sana. Akapasuliwa haraka, na mtoto akawekwa kwenye chumba cha watoto njiti. Sasa, angebaki nyumbani akisema "nimeombewa"? Mimi naamini uponyaji na nitazidi kuuhubiri. Lakini dada, ukiona uso na mikono imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, usingoje kesha ya Ijumaa. Nenda hospitali, sisi tutakuombea ukiwa njiani. Tori Bowie, aliyeshinda naye dhahabu ya kupokezana vijiti Rio 2016, alifariki 2023 akiwa na mimba ya karibu miezi minane.

Kuna jambo lingine. Allyson aliomba Nike waandike kwenye kandarasi kwamba hataadhibiwa akipunguza kasi miezi ya kujifungua. Wakakataa. Mei 2019 akayasema wazi gazetini, na Agosti mwaka huo huo kampuni ikabadilisha sera yake. Mwezi uliofuata alikuwa Doha, mtoto ana miezi kumi, anashinda dhahabu tena.

Tusikimbilie kuwanyooshea Wamarekani kidole. Ni makanisa mangapi dada anajifungua, anaambiwa "pumzika kwanza mama", na akirudi anakuta maikrofoni ina mwenyewe? Mchungaji wa Isaya 40:11 hawaachi nyuma kondoo wenye watoto. Yeye ndiye anayepunguza mwendo.

Na wewe mpendwa uliyeajiri dada wa nyumbani: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Wewe ulimpa nauli ya kwenda kwao, halafu Jumapili ukatoa ushuhuda wa gari jipya.

Akina mama wote waliojifungua mwaka huu na walikuwa kwaya, sifa au ushirika wa vijana, Jumapili baada ya ibada ya pili tuonane ofisini. Njooni na watoto. Viongozi wa idara pia mje.