Walikwenda Kutafuta Nini?

Juma hili tumekifungua tena kitabu tulichokipenda mno tulipokuwa wanafunzi, nacho ni "Mashimo ya Mfalme Sulemani". Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kukaa Natal, alikitoa mwaka 1885. Na mwaka 1929 kikatolewa kwa Kiswahili, kazi ya Frederick Johnson.

Siku zile za shule tulikisoma kwa ajili ya almasi. Tulimwogopa ajuza Gagool, tukamshangilia Ignosi alipoonyesha alama ya nyoka kiunoni, iliyomtambulisha kuwa mfalme wa kweli. Kisha tukakimbilia pangoni kuyaona masanduku yaliyojaa vito. Mengine tuliyapita mbio.

Sasa tumeliona neno tuliloliruka. Safari ile haikuanzishwa kwa ajili ya almasi. Sir Henry Curtis alikuwa akimtafuta ndugu yake, ambaye walikuwa wamegombana, naye akaenda kupotelea nchi za mbali. Quatermain na Good walifuatana naye. Mle pangoni Gagool aliwadhihaki, akawaambia wayale mawe yale na kuyanywa. Kisha akauteremsha mlango wa mwamba, naye mwenyewe ukamponda. Wakabaki gizani, matajiri kupita wafalme, na njaa inawauma. Walitoka kwa shida, na vito vichache mifukoni. Halafu, penye maji katikati ya jangwa, wakamkuta ndugu yule, mguu umevunjika, lakini yu hai. Hapo ndipo safari ilipotimia.

Habari hii yatugusa sisi wakaaji wa Tanganyika ya Kongo. Pale Piana-Mwanga, katika miaka ya 1930, nguvu ya mto Luvua ilitiwa katika mitambo ya umeme ili kuyatumikia machimbo ya bati ya Manono. Bati ikachimbwa, ikapelekwa ng'ambo. Na vita iliyoanza mwaka 1998 ikauharibu vibaya mji ule. Siku hizi dunia yaukodolea macho Manono tena kwa sababu ya lithiamu, madini ya kutengenezea betri. Watu huuliza: mawe ni tani ngapi? Ni haki kuuliza. Lakini na tuulize pia: ndugu yuko wapi? Mwana wa mchimbaji asoma kwa taa gani usiku? Machimbo yasiyomlisha mchimbaji hayapitani sana na pango la Gagool.

Tena kitabu kina kosa ambalo si vema kuwaficha vijana. Foulata, msichana aliyemuuguza Good, alichomwa kisu akijitahidi kumzuia Gagool asiwafungie. Naye Quatermain asimulia kwamba kifo chake kiliepusha matata, kwa kuwa yeye ni mweusi na Good ni mweupe. Hiyo ni hukumu ya kiburi cha zama zile, nasi hatuikubali. Wengine walitoka na vito. Foulata alitoa uhai wake. Ni nani katika kitabu kizima aliyetoa zaidi?

Basi, wazazi na walimu, wapeni vijana kitabu hiki wakisome, maana ni kitamu. Wakiisha kukimaliza, waulizeni neno moja tu: watu wale walikwenda kutafuta nini? Atakayejibu kwamba ni almasi, mrudishieni kitabu akisome tena.