Mafuta ya Jua na Deni la Moshi

Huko Móstoles, karibu na Madrid nchini Hispania, wataalamu walijenga mnara na kuuelekezea vioo 169 vilivyolifuata jua. Joto la vioo hivyo katika tanuru lilifikia nyuzi 1,500 za Selsiasi. Hapo oksidi ya seriamu ilitoa oksijeni yake. Ilipopoa, iliitwaa tena oksijeni kutoka katika hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Kilichobaki ni gesi iliyoweza kugeuzwa kuwa mafuta ya ndege. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba takriban asilimia 4 tu ya nishati ya jua iliyoingia ilihifadhiwa katika gesi hiyo.

Kazi hii ni njema, wala hatuibezi. Hata hivyo, haki yatudai tuipime kwa mizani iliyo sawa. Mafuta hayo yakichomwa, ukaa wake hurudi angani. Ikiwa ulitolewa angani, hesabu yakaribia kulingana. Ikiwa ulitoka katika bomba la moshi la kiwanda kinachochoma makaa ya mawe, deni limeahirishwa tu, halijalipwa.

Anga haina mipaka. Moshi wa mwenye nacho humfikia mkulima asiye nacho kwa sura ya ukame na mafuriko. Kwa hiyo, serikali na mashirika ya ndege yasiifanye ahadi ya mafuta ya kesho kuwa kibali cha kuchafua leo. Sisi nasi hatuna budi kuuliza juu ya kila pipa: ukaa huu umetoka wapi, na nani anaubeba mzigo wake?