Simu haijafa, imestaafishwa

Wiki hii tuache kwanza habari za mapenzi na mitoko, tuzungumzie kitu ambacho hata mwenye mpenzi hukishika mara nyingi kuliko anavyomshika mpenzi wake. Nasema simu ya tachi, hiyo hiyo uliyonayo mkononi.

Pita Mchikichini siku yoyote, anzia pale Karume kwenye mitumba. Utamkuta kijana kasimama juu ya meza, mkono mmoja suruali, mkono mwingine simu. Belo limefunguliwa asubuhi, anapiga picha, anatupia kwenye stetasi ya WhatsApp, na kabla hajashuka mezani mteja wa Mbagala kashajibu, “Niwekee hiyo ya bluu.” Kwa hiyo tusidanganyane, simu siku hizi si ya kuuzia sura tu. Ni duka, ni daftari la madeni, ni kitambulisho cha mjini. Sasa duka hilo likifungwa na mtu aliyeko Marekani, ambaye hata hajui Mchikichini iko upande gani wa dunia, utamlilia nani?

Si utani jamani. Mei 5, 2025, WhatsApp ilianza kudai iPhone yenye mfumo wa iOS 15.1 kwenda juu. iPhone 5s, 6 na 6 Plus mfumo wao uliishia kwenye 12, hazipandi tena hata uzisomee dua. Zikapigwa chini. Kabla ya hapo, Februari 1, 2020, zamu ilikuwa ya Android 2.3.7 na ndugu zake wa chini. Kioo kizima, chaji inakaa, kamera inapiga, lakini shughuli hakuna. Simu hiyo haijafa. Imestaafishwa kwa lazima, tena bila kiinua mgongo.

Waliokuwepo mjini wanakumbuka usiku wa Desemba 31, 2012, Dar ilipozimiwa matangazo ya televisheni ya analojia. Kelele zilikuwa nyingi, lakini TV ya chogo iliokolewa na king'amuzi. Unanunua kiboksi, unachomeka, maisha yanaendelea. Ikaja Juni 2016, TCRA ikazima simu feki. Hapo pia watu walitangaziwa mapema, kila mtu akawa anabonyeza *#06# kuitazama namba ya simu yake kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Ya safari hii ni tofauti. Simu iliyoachwa na programu haina king'amuzi, na tangazo lenyewe linakuja kwa Kiingereza, maandishi madogo, wewe unabonyeza “sawa” ili likupishe uendelee na chati.

Kwani kuna nini humo ndani? Sikiliza nikupashe. Kati ya kidole chako na mfumo wa simu kuna kiprogramu kidogo kinachofanya kazi ya ukalimani. Wewe unagusa kioo, mkalimani anauambia mfumo, “Kagusa hapa.” Mfumo mpya ukija, unakuja na lugha mpya, na mkalimani lazima arudi shule. Gharama ya kumsomesha ni ya kiwanda. Kiwanda kikipiga hesabu kinaona wenye simu hiyo wamebaki wachache, au kinataka wanunue mpya, basi mkalimani anaachwa hivyo hivyo. Kioo hakina kosa lolote, hakina wa kukisemea tu.

Na wale mliobadilishiwa kioo kwa fundi, hapa ndipo penu. Machi 2018 Apple walitoa iOS 11.3. Baadhi ya watu wenye iPhone 8 zilizowekwa vioo visivyo vya kampuni wakapandisha mfumo, wakaamka na simu nzuri isiyosikia kidole. Unagusa, inakutazama. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 24, likatoka toleo la 11.3.1, na Apple wenyewe wakaandika kwamba linatibu tatizo hilo la vioo visivyo halisi. Mwaka uliotangulia, Oktoba 2017, ilikuwa hivyo hivyo kwa iPhone 6s, dawa ikaja na 11.0.3. Fikiria mwezi mzima hauna duka, na fundi anaapa kwa mama yake kwamba kioo alichokuwekea ni orijino.

Mtasema basi tusiapdeti kabisa. Hapana, huko nako ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Mfumo usiopandishwa una matundu yasiyozibwa, na matapeli wa mtandaoni hawabishi hodi. Dawa ni kutumia akili kabla ya kidole.

Kwanza, ukienda Kariakoo kununua simu ya mtumba, usianze na rangi wala idadi ya kamera. Muulize muuzaji maswali mawili: hii ilitoka kiwandani mwaka gani, na mfumo wake unaishia wapi? Akianza kukwambia “mwanangu hii ni kali, bado ya moto”, ingia mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome. Mfano mdogo: iPhone 6s na 7 zilipona ule mchujo wa Mei 2025 kwa sababu zinafika iOS 15. Nazo XR na XS za mwaka 2018 ziliachwa na mfumo mpya wa iOS 26 ulipotoka Septemba 2025. Kuachwa na mfumo si lazima WhatsApp izime siku hiyo hiyo, ila ujue simu imeshapanga foleni ya kustaafu. Ukilijua hilo, unashusha bei. Usipolijua, unanunua marehemu kwa bei ya bwana harusi.

Pili, kama kioo chako ni cha fundi, usiwe wa kwanza kukimbilia toleo jipya lilipotoka usiku. Subiri siku kadhaa, sikiliza wenzako wenye simu kama yako wanalia au wanacheka. Na kamwe usiapdeti usiku wa kuamkia siku ya mzigo.

Tatu, hifadhi namba, picha na orodha ya wadeni wako mahali pengine, hata kwenye daftari la karatasi. Mdeni akisikia simu yako imekata mawasiliano, na yeye anapoteza kumbukumbu.

Nne, simu iliyostaafu usiitupe. Muziki inapiga, tochi inawaka, na *150*00# ya M-Pesa haiulizi una Android ngapi. Hata kiswaswadu cha bibi kinatuma pesa vizuri tu.

Wenzetu Ulaya wameliona hili. Tangu Juni 20, 2025, sheria yao inamtaka mtengenezaji aendelee kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu aache kuiuza simu yenyewe. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024 waliahidi miaka saba. Kumbe inawezekana, kilichokuwa kinakosekana ni nia! Lakini sheria ya Ulaya haivuki bahari kuja kukutetea Mtaa wa Aggrey. Huku mteja anajitetea kwa mdomo wake, na mdomo wenyewe ni ule wa kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukiona mtu kashika simu ya zamani usimcheke kwamba kachacha. Huenda simu yake ni nzima kuliko yako, isipokuwa kuna mtu huko mbali kaamua yatosha. Na wewe uliyenunua ya juzi, punguza mbwembwe. Foleni ya kustaafu inasogea, na tarehe yako imeshaandikwa kwenye kompyuta ya mtu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.