Acheni Kutuuzia "Itaendelea"

Tarehe 27 Aprili 2015 kampuni moja ya Mexico City iitwayo Squad iliandika namba 1.0 kwenye gemu lake la Kerbal Space Program, na mashabiki wake wenyewe wakapiga kelele. Eti imeharakisha. Toleo lililotangulia lilikuwa 0.90, la Desemba 2014, na watu walitarajia yafuate mengine kadhaa ya majaribio kabla ya kufika mwisho. Squad wakaruka moja kwa moja hadi toleo kamili, wakaingiza mambo mazito ambayo wanunuzi wa kawaida hawakuwa wameyagusa, na ndani ya wiki ile ile wakalazimika kutoa viraka viwili.

Kelele zile zilikuwa na sababu. Lakini mimi bado nasema Squad walifanya jambo ambalo wenzao wengi katika biashara ya magemu ya anga hawana moyo wa kulifanya. Walisema: kazi ndiyo hii, ihukumuni.

Najua hapa ni mahali pa vitabu, na kuna msomaji ameshaanza kujiuliza roketi zimefikaje humu. Avumilie kidogo, tutafika kwenye hadithi. Kwa asiyefuatilia mambo haya: Machi 2013 duka la mtandaoni la Steam lilianzisha mpango uitwao Early Access, ambapo gemu linauzwa likiwa bado jikoni. Unalipa leo, unapewa kilichopo, na unaahidiwa kilichobaki. Kerbal lilikuwa miongoni mwa magemu ya kwanza kabisa kuingia kwenye mpango huo. Siku gemu linapotoka humo, huandikwa 1.0. Namba hiyo mtengenezaji hujipa mwenyewe, hakuna mtihani wala msimamizi. Ndiyo maana ina uzito.

Kerbal ni gemu la kujenga roketi. Unaunganisha matangi, injini na chumba cha marubani, unawapandisha vijitu vya kijani vinavyoitwa Kerbal, unarusha, na mara nyingi linalipuka. Sayari yao, Kerbin, ina nusukipenyo cha kilomita 600, karibu sehemu moja ya kumi ya Dunia yetu, na hewa yake inakoma kilomita 70 kutoka ardhini. Ni ulimwengu wa kuchezea. Lakini mwendo wa vyombo huko juu unafuata kanuni zile zile alizozieleza Johannes Kepler karne ya 17. Ukitaka kukifikia chombo kilicho mbele yako kwenye mzingo, hukanyagi mafuta. Unapunguza mwendo, unashuka kwenye mzingo mdogo zaidi, unazunguka haraka kuliko yeye, halafu unapanda kumkuta. Mara ya kwanza akili inakataa kabisa. Mara ya ishirini unaona kama vile ulizaliwa unajua.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kwa miaka yote ya majaribio, hewa ya Kerbin ilikuwa ya uongo. Gemu lilikokotoa ukinzani wa hewa kwa kufuata uzito wa kila kipande bila kujali umbo lake. Kwa hiyo roketi yenye kichwa bapa kama sufuria iliyofunikwa ilipaa sawasawa na iliyochongoka, na ukiivika kofia ya kuchongoka ulikuwa unaiongezea mzigo tu. Wachezaji wenyewe waliifananisha hewa ile na supu. Kurudi chini nako hakukuwa na moto: ungeweza kutoka mwezini na kuangukia hewani kwa kasi yoyote, ukatua bila kuungua hata kucha.

Toleo 1.0 liliyafuta yote mawili. Umbo likaanza kuhesabika, joto la kurudi likaanza kuunguza, ngao ya joto ikawa kitu cha kufikiria tangu mwanzo wa ujenzi. Roketi walizojivunia watu kwa miaka miwili zikapinduka angani kama mshale uliofungwa manyoya upande wa ncha. Waliokuwa mabingwa Jumapili walikuwa wanafunzi Jumatatu. Halafu hewa yenyewe ikarekebishwa, ikarekebishwa tena, na hasira zikaongezeka.

Lakini angalia walichokuwa wanabishania. Walibishania kazi. Hewa hii ni nyepesi mno au nzito mno? Ngao inahimili kuliko inavyostahili? Ubishi wa namna hiyo ndio uhakiki, na uhakiki unahitaji kitu kilichosimama. Wiki moja kabla, lalamiko lolote lingejibiwa kwa neno moja: bado. Hewa mbaya? Bado tunaitengeneza. Inakwama kompyuta? Bado. Neno hilo halina jibu. Ukilipinga unaonekana huna subira, umekosa shukrani, hujui kazi za watu. Na wakati huo pesa yako imeshaenda.

Hapo ndipo wasomaji wa hadithi tunapoingia. Ni nani humu hajawahi kufuata hadithi ya vipande kwenye Facebook au WhatsApp? Sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure. Binti amefungiwa stoo, mjomba ana bastola, simu inaita. "Itaendelea." Wanaotaka kuendelea watume pesa kwa namba hii waingizwe kwenye kundi. Mimi nimetuma zaidi ya mara moja. Hadithi moja ya upelelezi, nzuri kwelikweli, niliilipia mpaka sehemu ya 31. Mwandishi akasema anaumwa kidogo, kisha akasema anafunga, kisha akaanza hadithi nyingine kwa malipo mapya. Ile ya kwanza mpaka leo simu inaita na hakuna aliyeipokea. Simtaji, na wala si yeye peke yake.

Sipingi vipande. Charles Dickens aliuza riwaya zake kwa vipande vya kila mwezi, na alipofariki mwaka 1870 aliacha The Mystery of Edwin Drood nusu njiani: sehemu sita zilizopata kuchapishwa kati ya kumi na mbili zilizopangwa. Zingatia hiyo kumi na mbili. Msomaji alijua tangu mwanzo hadithi ina urefu gani. Mauti ndiyo yaliyoikatiza. Kilichokuwa kinauzwa kilikuwa na mwisho uliopangwa, na ndiyo maana hata leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba kimekosekana kiasi gani. Hadithi isiyo na idadi ya sehemu haikosi kitu, maana haikuahidi kitu. Inaendelea tu, mpaka siku mwenyewe achoke.

Watetezi wa mauzo ya jikoni wana hoja, na siyo ndogo. Squad haikuwa kampuni ya magemu. Ilikuwa ya matangazo na masoko. Felipe Falanghe alikuwa mwajiriwa wao, akataka kuondoka akatengeneze gemu lake, wakamwambia litengenezee hapahapa. Toleo la kwanza la hadharani, la tarehe 24 Juni 2011, lilikuwa la bure na halikuwa hata na mwezi wa kuendea. Unarusha, unashuka, basi. Vipande vikaongezeka, bei ikapanda taratibu pamoja navyo, na pesa ya wanunuzi wa mwanzo ndiyo iliyolisha kazi. Kwa mtu asiye na mtaji, tena kwa kazi inayotoka Mexico, mbali na miji mikubwa ya biashara hiyo, njia hiyo ilikuwa mlango. Nakubali kwa moyo mweupe. Na walipoahidi mwaka 2013 kwamba walionunua hadi mwisho wa Aprili mwaka ule wangepewa nyongeza za baadaye bila malipo, ahadi hiyo ilikuja kutimizwa 2018 ilipotoka nyongeza ya kwanza ya kulipiwa, wakati ambapo gemu lenyewe lilikuwa limeshauzwa kwa Take-Two ya Marekani. Watu waliosahau kwamba waliahidiwa wakakuta kitu kwenye akaunti zao.

Kwa hiyo mlango ni mzuri. Ninachouliza ni nani anayepita humo sasa.

Take-Two walitangaza Kerbal Space Program 2 Agosti 2019, litoke 2020. Halikutoka. Kazi ikahamishwa kutoka studio moja hadi nyingine, miaka ikapita, na tarehe 24 Februari 2023 likaingizwa Early Access kwa dola 50, zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania kwa thamani ya siku zile. Hii si timu ya mtu mmoja anayetafuta nauli. Ni moja ya kampuni kubwa kabisa za magemu duniani, wenye Grand Theft Auto, wamesimama kwenye mlango uliotobolewa kwa ajili ya wasio na mtaji, wananyoosha mkono. Na ndani ya boksi kulikuwa na nini? Hakukuwa na joto la kurudi, lile lile lililokuwemo kwenye gemu la kwanza tangu 2015. Hakukuwa na utafiti wa kisayansi wa kufanya kwenye sayari. Makoloni, safari za kwenda nyota nyingine, kucheza na wenzako: hayo yote yalikuwa kwenye mchoro wa ahadi, mraba baada ya mraba, bila tarehe hata moja.

Desemba 2023 wakaleta sayansi na joto. Watu wakapumua. Mwaka 2024 wafanyakazi wa studio wakaachishwa kazi, na michoro mingine ikabaki michoro. Gemu halikupata kufika 1.0. Na liliendelea kuuzwa! Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote. Mwandishi wangu wa sehemu ya 31 angalau alikuwa na haya ya kuanzisha kundi jipya.

Star Citizen silitolei aya ndefu, maana wakereketwa wake wana nguvu na mimi nina kazi nyingine kesho. Chris Roberts alianza kuchangisha mwaka 2012. Mwaka 2022 michango ikavuka dola milioni 500. Zaidi ya miaka kumi baada ya kuanza, vyombo vya anga vinauzwa kwa mamia ya dola kimoja kimoja, na gemu bado linaitwa la majaribio. Ukisema ni baya, bado. Ukisema ni zuri, subiri uone litakavyokuwa. Nimechoka kuona.

Kuna wanaosema: basi bora wote wamalize, hata kwa haraka. Hapana, kumaliza nako kuna ulaghai wake, na mfano wangu ni Uingereza. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro. Ndani ya boksi, pamoja na gemu, kulikuwa na riwaya fupi ya Robert Holdstock, The Dark Wheel, iliyoandikwa makusudi kwa ulimwengu huo. Galaksi nane, kila moja na sayari 256, na kitabu juu. Ulinunua ulimwengu mzima ukaondoka nao kwapani. Mwishoni mwa 2012 Braben akarudi kwa umma kuomba pesa za Elite Dangerous, akapata zaidi ya pauni milioni moja na nusu, na wakati wa uchangishaji ule ikaahidiwa kwamba mtu ataweza kucheza peke yake bila intaneti. Novemba 2014, mwezi mmoja hivi kabla ya toleo kamili la tarehe 16 Desemba, wakatangaza kwamba hilo limeondolewa. Hata ukicheza peke yako, lazima uunganishwe na seva zao. Galaksi inayobadilika, walisema, haiwezi kuendeshwa kwa namna nyingine. Wengine wakadai pesa zao.

Mtu wa London anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Anayenunua kifurushi cha intaneti kwa wiki, anayekatikiwa umeme saa mbili usiku modemu ikazima huku betri ya kompyuta ikiwa imejaa, anaelewa mara moja alichonyang'anywa. Na hata huyo wa London, siku kampuni itakapozima seva zake, atabaki na picha kwenye boksi. Wale wa 1984 bado wanacheza.

Ninachotaka si kikubwa. Anayeuza kilichoko jikoni aandike kabla ya kupokea senti: toleo 1.0 litakuwa na hiki, hiki na hiki. Orodha ibaki ukurasani ilivyo, isifutwe usiku. Siku ya 1.0 tuihesabu pamoja. Kilichopungua kitajwe kwa jina, na aliyelipa kwa ajili yake arudishiwe bila kubembeleza. Studio ikifungwa, kitufe cha kununua kiondolewe siku hiyo hiyo. Na asiye na jeuri ya kuandika orodha hiyo aombe msaada, aseme ni msaada, tutampa kama tunavyompa anayepita na bakuli.

Na waandishi wetu wa vipande, ndugu zangu, andikeni tu "sehemu ya 1 kati ya 40". Nitalipa zote arobaini kwa mkupuo.

Kerbal la kwanza lilipata nyongeza yake kubwa ya mwisho, toleo 1.12, Juni 2021, miaka kumi kamili tangu lile la bure lisilo na mwezi. Ukilinakili folda lake kwenye flashi na kulihamishia kompyuta nyingine, isiyo na intaneti kabisa, linafunguka. Hewa yake siku hizi haibadiliki tena. Ukijenga roketi yenye kichwa bapa inapinduka, na ukitaka kusema hewa hiyo imekosewa, sema, hakuna wa kukujibu bado.