Saa tisa na nusu, kalamu chini

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 hazina utata kuhusu siku ya mwanafunzi wa Kenya. Vipindi vya darasani huanza saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni wakati wa michezo, vyama vya wanafunzi, kwaya na drama, iwe shule ni ya kutwa au ya bweni. Hiyo ni kanuni ya kisheria, si ombi la mwalimu wa michezo. Lakini pita kando ya shule nyingi za upili za umma saa kumi alasiri siku ya Jumanne, ujionee. Magoli hayana nyavu, nyasi zimefika magotini, na darasani mwalimu wa Hisabati yuko katikati ya kipindi ambacho hakimo kwenye ratiba iliyopelekwa kwa afisa wa elimu.

Muda huo umeporwa. Urudishwe.

Walimu wakuu wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Matokeo ya mtihani wa KCSE yakitangazwa, mzazi huuliza wastani wa shule. Haulizi chama cha wanahabari chipukizi kilifanya nini mwaka mzima. Mbunge anayealikwa siku ya zawadi naye huuliza hilo hilo. Silabasi ni ndefu, walimu hawatoshi, na mwalimu mkuu ambaye shule yake imeteremka kidogo hujikuta akijieleza kwa bodi, kwa wazazi na kwa wanafunzi wa zamani, wote wakiwa wamekunja nyuso. Kwa hiyo anakata mahali ambapo hapana wa kulalamika.

Kosa liko kwenye hesabu yenyewe, ile inayochukulia kwamba kila dakika ya uwanjani au chamani imetolewa kwenye alama. Tazama Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru. Ni shule ya umma ya mseto katika eneo la ukame, ambako njaa si habari mpya na wanafunzi wengi wanatoka familia maskini. Ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Mwalimu wa Hisabati na Fizikia, Bruda Peter Tabichi, alianzisha chama cha kukuza vipaji na kukipanua kile cha sayansi. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na viziwi kupima vitu, wakafuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi huko Arizona, Marekani, mwaka 2019. Wengine walituzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao. Mwaka huo huo Tabichi akashinda Global Teacher Prize, tuzo ya dola milioni moja.

Na alama je? Mwaka 2017 waliojiunga na vyuo kutoka Keriko walikuwa 16 kati ya watahiniwa 59. Mwaka uliofuata wakawa 26. Hatudai kwamba chama cha sayansi peke yake ndicho kilichofanya kazi hiyo. Tabichi na wenzake wanne walikuwa pia wakiwafundisha wanafunzi dhaifu nje ya saa za darasa, hata wikendi, na hapo mtetezi wa masomo ya ziada atachangamka. Asichangamke mno: hawakukiua chama ili wapate nafasi ya kufundisha. Mtoto aliyeshinda jioni akibishana na wenzake juu ya waya na betri huingia kwenye kipindi cha Fizikia kesho yake akiwa na swali lake mwenyewe.

Upande wa riadha, mfano wa Iten unajulikana na kila mtu, ila wengi huukumbuka nusu. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 akaja kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Kutoka shule hiyo alitoka Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Nusu inayosahauliwa ni kwamba mbio ziliwafungulia vijana wale milango ya vyuo vikuu. Rono alisoma Mount St. Mary's, jimbo la Maryland. Ibrahim Hussein, mwanafunzi mwingine wa St Patrick's na Mwafrika wa kwanza kushinda marathon ya New York mwaka 1987, alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Nani atasema saa zao za jioni zilipotea bure?

Lakini tusiwapake mafuta wanaopenda michezo kwa sababu ya kombe tu. Kuna shule ambazo timu ya watu ishirini hupewa nyama, jezi mpya na ruhusa ya kukosa vipindi, huku wanafunzi elfu moja waliobaki kazi yao ikiwa kuimba kando ya uwanja. Mchezaji wa Gredi ya 10 ana ndevu nyingi kuliko mwalimu wa zamu, na kila mtu anajua alikotolewa. Huko nako wanafunzi wameporwa, ila kwa shangwe. Ligi ya madarasa au ya mabweni inahitaji mpira mmoja, filimbi na mwalimu asiye na haraka ya kwenda nyumbani. Ndiyo inayomfikia yule mvivu, yule mfupi na yule mwenye haya.

Vyama navyo vina maadui wa aina nyingine. Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya upili ya wasichana ya Butere walifika Nakuru kwa tamasha za kitaifa za drama na mchezo wao Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe kushiriki. Mwandishi wa mchezo, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa, polisi walirusha vitoza machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kutoka ukumbini bila kuigiza. Shule hiyo hiyo ilipitia sokomoko kama hilo mwaka 2013 na Shackles of Doom, na wakati huo pia ilibidi korti iingilie kati. Unaweza kuupenda mchezo au kuuchukia. Sisi tunasema serikali inayotuma polisi kwa watoto wa chama cha drama imekiri yenyewe kwamba chama hicho si upotevu wa wakati.

Kisha kuna pesa. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka, na ndani yake Sh1,500 ni za michezo na shughuli za nje ya darasa. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba bajeti haiwezi kulipa kiasi chote. Mwalimu mkuu akipokea pungufu, tena kwa kuchelewa, atanunua maharagwe kabla ya kununua mipira, na hatuwezi kumlaumu. Tunaweza kuilaumu Hazina ya Kitaifa. Tunaweza pia kuzilaumu shule zinazotoza wazazi pesa za michezo huku wanafunzi wakifanya mazoezi na mpira uliotoboka.

Suala hili limekuwa la dharura kwa sababu ya mtaala mpya. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026 wakiwa na mikondo mitatu ya kuchagua: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Ni hatua njema kwamba anayecheza ngoma au mpira anaweza sasa kulifanya hilo kuwa somo. Hofu yetu ni kwamba shule zisizo na mkondo wa tatu zitauchukua kuwa kisingizio: michezo ni ya wale, sisi ni watu wa sayansi. Aliyechagua Fizikia naye ana miguu. Na mwenzake wa Kidato cha Nne aliyebaki kwenye mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho utafanywa mwaka 2027, asiachwe akingoja mtihani tu kwa sababu mfumo wake unazimwa.

Wizara ya Elimu haihitaji waraka mpya. Iwatume maafisa wa ubora wa elimu shuleni saa kumi alasiri, bila taarifa, badala ya saa nne asubuhi baada ya simu tatu. Tume ya Kuajiri Walimu imhesabie mlezi wa chama na kocha kazi yao wakati wa kupandishwa vyeo, maana wengi wao hufanya kazi hiyo kwa mapenzi na nauli yao wenyewe. Bodi za shule zikatae kujenga bweni katikati ya uwanja wakati kuna kona tupu nyuma ya bwalo.

Na wewe mzazi, katika mkutano ujao wa shule, kabla ya kuuliza wastani, mtake mwalimu mkuu akuonyeshe ratiba ya kuanzia saa tisa na nusu: mtoto wako yuko chama gani, anacheza nini, na nani anamsimamia. Ratiba hiyo ikikosekana, usikubali kulipa hata senti ya masomo ya ziada.