Sikukuu ya Uhuru Wakati wa Msiba

Swali la kama Sikukuu ya Uhuru yastahili kuadhimishwa wakati nchi ina majonzi si swali la udadisi mtupu. Mwaka 2025 liliulizwa Tanzania kwa sauti ya kilio. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba uliandamana na ghasia, risasi, amri ya kutotoka nje na kukatwa kwa intaneti. Watu waliuawa, na hata ilipowadia 9 Desemba serikali ilikuwa haijatangaza idadi yao. Kabla ya siku hiyo Waziri Mkuu, Mwigulu Nchemba, alitangaza kwamba sherehe za mwaka wa 64 wa uhuru hazitafanyika, na kwamba fedha zake zitatumika kutengeneza miundombinu iliyoharibiwa katika ghasia. Siku yenyewe ilipofika wananchi walitakiwa wabaki majumbani. Askari walijaa barabarani, na miji mikubwa ikawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Jambo la ajabu ni kwamba uamuzi huo uliungwa mkono na watu wawili wasiopatana kwa lolote lingine. Wa kwanza ni mtawala, ambaye alitaka fedha ziokolewe na utulivu ulindwe. Wa pili ni mfiwa, ambaye alisema kuwa haifai kupiga ngoma juu ya makaburi mabichi, na kwamba uhuru usiomlinda mtu na risasi haustahili kuimbiwa. Mmoja aliiogopa siku, na mwingine aliichukia. Lakini wote wawili waliifunga mlango. Maneno ya mfiwa yana haki kubwa kuliko ya mtawala, wala hapana mwenye moyo atakayeyabeza. Hata hivyo, wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wameichukua sherehe wakaidhania kuwa ndiyo sikukuu.

Lugha yenyewe inatenganisha mambo hayo. Sikukuu ni siku kuu, na ukuu si furaha. Iko siku kuu ya arusi na iko siku kuu ya maziko, na kila moja huitwa kuu kwa sababu watu hawawezi kuipitisha kama siku nyingine. Kuadhimisha ni kukipa kitu adhama, yaani kukitukuza kwa kadiri ya thamani yake. Sherehe ni vazi tu. Gwaride, mizinga, ndege zinazopita angani na wageni waliokaa kivulini ni nguo zilizovishwa 9 Desemba na serikali moja baada ya nyingine, na nguo yaweza kuvuliwa bila ya kumzika aliyeivaa.

Hoja ya fedha si ngeni. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliifuta sherehe akawataka watu wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2020 sherehe zilifutwa tena, fedha zikaelekezwa katika vifaa vya tiba. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifanya vivyo hivyo, na shilingi milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nani atakayelaumu bweni la mtoto asiyeona? Lakini bweni hilo lilikuwa deni la bajeti, si deni la 9 Desemba. Tena hoja hiyo, ikitazamwa vizuri, inalaumu gharama za gwaride, haiilaumu siku. Kukumbuka hakuhitaji bilioni 4. Kunahitaji mkutano, ukweli, na ruhusa ya kusema.

Hoja ya utulivu ni nzito zaidi, kwa kuwa hofu ya 2025 haikuwa ya kubuni. Waliokasirika walikuwa wameitaja 9 Desemba kuwa siku ya kuandamana, na damu ya Oktoba ilikuwa bado haijakauka. Walakini hofu hiyo ina maana moja tu: kwamba watu walikuwa na neno zito la kusema, nao wakaichagua siku inayostahili neno hilo. Mzazi anayefuta kikao cha ukoo kwa kuogopa yatakayosemwa humo amekwisha kiri kwamba kikao hicho kilihitajika kuliko vyote vilivyotangulia.

Mfiwa naye ajibiwe kwa adabu, na jibu lake liko katika desturi za miteremko ya Kilimanjaro. Kila Desemba watoto wa Uchagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo hurudi kwao. Mabasi hujaa, na barabara ya kupanda Mkuu Rombo, Marangu, Kibosho na Machame haina nafasi. Hurudi kula na kunywa mbege, ndiyo. Lakini hurudi pia kwenye kihamba, na katika kihamba ndimo walimolala wazee wao. Nyumba iliyofiwa mwaka huo haiwaandikii watoto wake kwamba mwaka huu wasije. Huwaita kwa mkazo zaidi. Asiyewahi maziko huja Desemba aone kaburi, aulize marehemu alikufaje, na ukoo hukaa kuzungumza juu ya shamba, deni na ugomvi. Huo si mchezo juu ya kaburi. Ni heshima ya kaburi. Aliyekufa hakosewi na wanaokusanyika kwa ajili yake; hukosewa na wanaokatazwa kukusanyika.

Tena iko desturi ya isale. Mchagga aliyemkosea mwenziwe huchukua jani la isale akamwendea kuomba radhi, na aliyekosewa huona vigumu kulikataa. Desturi hiyo ina masharti mawili ambayo kila mtoto wa Rombo anayajua. Kwanza, jani hubebwa na aliyekosa, si na aliyekosewa. Pili, hubebwa kwa miguu, uso kwa uso. Hapana isale inayopelekwa kwa kumwamuru aliyeumizwa abaki ndani ya nyumba yake. Desemba 2025 serikali ilikuwa na siku moja katika mwaka ambayo ilifaa kusimama mbele ya wafiwa wote, kuwataja marehemu kwa majina, na kuomba radhi kwa yale yaliyo juu yake. Siku hiyo ilitumiwa kutengenezea miundombinu.

Wako pia wasemao kwamba uhuru wenyewe ulikuwa jina tu, na kwamba shida za leo zimeufuta. Hawa wasome mwaka 1961. Nchi iliyopokea uhuru ilikuwa imepatwa na ukame na njaa, kisha mvua za mafuriko zikafuata. Haikupita miezi miwili kabla Julius Nyerere hajajiuzulu uwaziri mkuu, na haukupita mwaka kabla sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya hukumu haijatungwa. Januari 1964 askari waliasi. Desemba 1978 iliikuta nchi vitani na Uganda. Mwenye kungoja mwaka usio na taabu ili auadhimishe uhuru angekuwa angali akingoja. Mtu wa Mkuu huuona mlima kwa upande wa mashariki, na Mawenzi ndiyo inayotangulia machoni mwake, imechongoka na kutisha. Hasemi kwa sababu hiyo kwamba Kibo haipo.

Na ni juu ya Kibo ambako Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera usiku ule wa uhuru, na kilele kilichokuwa kimepewa jina la Kaisari wa Ujerumani tangu 1889 kikaitwa Uhuru. Nyerere alikuwa amekwisha kulieleza Baraza la Kutunga Sheria, Oktoba 1959, maana ya mwenge huo: kuwapa tumaini, upendo na heshima wale waliokosa. Ahadi iliyowekwa mahali pa juu hivyo haifutwi kwa kuvunjwa. Ahadi iliyovunjwa hudaiwa, na kila deni lina siku yake ya kudaiwa. Anayeifuta siku hiyo humpunguzia mdaiwa mzigo, hata kama aliifuta kwa machozi.

Dunia ina mifano ya watu waliolielewa jambo hili. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alipoombwa mwaka 1852 kuhutubia juu ya uhuru wa Marekani, hakudai siku ile ifutwe. Aliisimamia akaishitaki nchi nzima kwa maneno ya nchi yenyewe. Mahatma Gandhi hakwenda Delhi kushangilia tarehe 15 Agosti 1947. Alikuwa Calcutta, kati ya Wahindu na Waislamu waliokuwa wakiuana, akaipitisha siku kwa kufunga na kuomba. Hakuna aliyeiheshimu siku hiyo kuliko yeye, naye hakupigiwa mizinga.

Moshi ina funzo jingine, lililo karibu. Katika miaka ya 1950 ilikuwako Siku ya Wachagga, iliyoadhimishwa kwa fahari chini ya Mangi Mkuu Thomas Marealle. Mwaka 1960 wapiga kura walichagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na leo siku ile haiadhimishwi tena. Siku iliyofungamanishwa na kiti cha mtu huondoka pamoja na kiti. Lakini Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, angali akikumbukwa ingawa hakuacha kiti wala hazina, kwa sababu kumbukumbu yake ilishikwa na watu, haikushikwa na ofisi.

Basi hapo ndipo penye shauri lenyewe. Desemba 9 si mali ya serikali iliyoko madarakani. Haikupewa na serikali, wala serikali haina haki ya kuinyang'anya. Mtawala na afute gwaride lake akipenda. Hata kwa miaka 10, taifa halitapungukiwa kitu. Lakini siku ibaki wazi: shuleni yafundishwe ya 1961 na ya 2025 pamoja, makanisani na misikitini marehemu waombewe, vyuoni wasomi wapime tumaini, upendo na heshima vimefika wapi, na viwanjani raia wakutane bila ya kutazamwa kwa mtutu wa bunduki. Mwaka wa neema, siku hiyo iwe ya shukrani. Mwaka wa msiba, iwe ya matanga na hesabu. Taifa linaloadhimisha uhuru wakati wa raha tu halijaadhimisha uhuru bado, limeadhimisha raha.